Vile tulipata pesa za usalama barabarani hapa kwetu, kati ya Maseno na Luanda

Mimi ni katibu wa steji ya boda boda kwenye soko dogo kando ya barabara ya Kisumu–Busia, na mtoto wangu yuko gredi ya pili kwa shule iliyo ng'ambo ya hiyo lami. Watu wa masoko mengine wananiuliza mlifanyaje mkapata zebra ya kuinuka, na taa, na geti mpya ya shule, sasa wacha niandike yote mara moja.

Lile lori lilipoingia kwa watu pale Londiani Junction, kule Kericho, tarehe 30 Juni 2023, wakafariki watu zaidi ya 50, hapa kwetu hatukulala. Soko letu limekaa vile vile tu, mteremko, matatu zinashusha, mama mboga wako karibu na lami. Tukaandika barua kurasa tatu, tukasaini soko nzima, tukaipeleka ofisi ambayo haihusiki na tukangoja miezi saba. Kumbe barabara kuu kama hii ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, na wenzao KeRRA wako na zao za mashambani, na zile ndogo za ndani ni za kaunti. Sisi hatukuwa tumeuliza.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja mwalimu mstaafu, alisoma nakala ya barua akaniambia, "Kijana wangu, mmeandika vile mnaumia, na ni kweli, lakini injinia akisoma hapa atajua achimbe wapi?" Akatupa daftari na kazi ikaanza.

Kwanza tulihesabu watoto wanaovuka asubuhi, siku tano mfululizo, na kila siku walipita 300. Halafu mwendo wa magari. Hapa sikilizeni vizuri kwa sababu haina gharama: tulipima mita 100 kwa kamba, tukaweka alama ya rangi kwa mti huu na kwa nguzo ile, mmoja anainua mkono gari likipita alama ya kwanza, mwingine ako na saa ya simu pale mwisho. Gari la kilomita 50 kwa saa linatumia sekunde 7 na nukta kidogo, la 80 linatumia 4 na nusu. Sheria inasema kwa senta ya biashara mwisho ni 50. Yetu mengi yalikuwa yanapita chini ya sekunde 5, na hayo tuliyaandika moja moja, na saa yake.

Pia tukakusanya ajali, na zile za OB, kile kitabu cha ripoti cha polisi, peke yake hazitoshi, maanake boda akigongana na mtu mara nyingi wanaelewana hapo hapo na polisi hawaitwi, kwa hivyo tuliuliza steji, zahanati na wenye maduka. Tulipopanga kwa saa tukaona kitu hatukuwa tumekifikiria, nyingi ni jioni siku ya soko, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, giza likiingia na matatu zikisimama kabla ya mahali watu wanavukia. Mtu anashuka, anapita mbele ya matatu, na mwenye kuovateki hamuoni kabisa.

Sisi tulikuwa tunataka matuta, basi. Injinia alipokuja akatembea na sisi chini mpaka juu, akatueleza kwamba tuta bila alama na bila vile vijituta vidogo vya kutikisa tairi mapema ni hatari yenyewe, lori lililobeba mzigo likiteremka haliwezi kushika breki ghafla. Akasema steji ihamie mbele, mahali matatu imeshaipita zebra, abiria avukie nyuma ya matatu ndio aonekane. Kitu cha mita chache tu! Mimi nimefanya kazi hapo miaka tisa na sikuwahi kukiona.

Pesa sasa. Tuliacha kuomba kitu kimoja kikubwa, tukagawanya. Zebra, alama na steji tuliomba KeNHA waweke kwenye mpango wao wa kazi wa mwaka, na hiyo pesa inatoka kwa levi ya mafuta, ambayo tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa kila lita. Tuliandika hivyo kwa barua: boda akiweka lita mbili kwa siku ametoa 50 ya barabara, na sisi steji yetu tuko 34. Taa ya mulika mwizi na njia ya miguu ya kwenda sokoni tukapeleka kwa kaunti. Geti ya shule ilikuwa inafunguka moja kwa moja kwa lami, CDF, ule mfuko wa pesa za eneo bunge, hawajengi barabara lakini shule wanajenga, kwa hivyo kamati ya wazazi ikaomba geti ihamishiwe upande wa nyuma.

Kwa kaunti angalieni kalenda. Mpango wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, makadirio ya bajeti Aprili 30, na mwaka wa pesa unaanza Julai 1, ukifika na barua yako Juni hakuna kitu. Sisi tulienda kikao cha wananchi tukiwa wengi, na mama wa shule ndiye aliongea, akasoma daftari, hakulia.

Kilichokuwa kigumu kuliko yote ni mama mboga. Waliona vipimo wakajua ni kubomolewa, na mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, unaniondoa hapa ndio watoto wangu wale nini?" Sikuwa na jibu. Tulikaa nao jioni tatu, na hatukutuma barua yoyote mpaka ikaandikwa ndani kwamba meza zitarudi nyuma ya mtaro na njia ya miguu ipite mbele ya meza, wateja wafike. Hiyo waliikubali, na wao wenyewe ndio walichagua nani anakaa wapi.

Geti ilikuja kwanza, halafu zebra na alama, taa ikachukua mwaka mzima zaidi. Wiki jana tulirudi na kamba na simu pale pale, magari mengi sasa yako sekunde 7 kwenda juu. Kona ya mteremko bado haina vyuma vya kuzuia gari lisitoke barabarani, na Jumatatu asubuhi mwalimu anakuja na daftari jipya tuanze kuhesabu huko.