Kisima cha marehemu bibi na mwamba ulio chini yake

Kwenye kikundi cha familia wameanza kuchangishana fedha za kisima. Ni sadaka jaria, ile ambayo thawabu zake huendelea baada ya mtu kufa, ya marehemu bibi, kichimbwe upande wa uwandani, kusini mwa Unguja, kwenye kijiji alichozaliwa. Ndugu zetu wa Maskati wameshatuma fungu lao, na ami ametangaza kila mtu atoe alichojaaliwa. Mimi bado sijatuma. Pesa ninayo. Kinachonizuia ni mwamba.

Anayeujua uwanda anajua kwamba kule si kama huku magharibi ya kisiwa kwenye udongo wa kina. Ukipiga jembe mara mbili tatu linagonga jiwe. Jiwe lenyewe ni matumbawe ya zamani, yaliyokua wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Ni jiwe la chokaa, na chokaa huliwa na maji. Mvua inaposhuka hubeba hewa ukaa kidogo kutoka angani, ikipenya kwenye majani yaliyooza huongeza nyingine, ikawa asidi hafifu mno. Mtu akiinywa haitambui, jiwe linaitambua. Ufa unapanuka ukawa mfereji, mfereji unapanuka ukawa pango, na dari la pango likishindwa kujibeba linaporomoka. Nyuma ya kijiji cha bibi lipo shimo la namna hiyo, la kale. Mtini umeota ndani yake, mizizi imeshuka ukutani mpaka kwenye unyevu, na ukisimama ukingoni mchana wa jua kali unahisi ubaridi ukikupanda miguuni. Bibi alikuwa akisema walipokuwa wadogo walichota maji humo.

Tundu linalomeza udongo linameza na vingine. Kwenye mchanga maji hupita polepole yakachujika. Kwenye chokaa yanakimbia ndani ya mifereji yakiwa na uchafu wao wote, kwa hiyo choo cha shimo cha nyumba ya jirani kinaweza kuwa karibu na kisima kuliko macho yanavyoona. Watu wa Kisauni, Mombasa, wanaijua vizuri habari hii ya visima na vyoo. Halafu iko chumvi. Chini ya kisiwa chetu maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari, na kanuni yake inatisha kidogo: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na takriban mita 40 za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Ukivuta mpaka usawa ukashuka nusu mita, chumvi inaweza kupanda mita 20. Kisima kinaanza vizuri, watu wanakisifu, baada ya muda chai inakatika maziwa na birika linajaa ukoko mweupe. Na pampu ya kijiji haivuti peke yake. Mtafiti Stefan Gössling alichapisha mwaka 2001 hesabu za pwani ya mashariki ya Unguja: mgeni mmoja wa hoteli alitumia wastani wa lita 685 kwa siku.

Kisima kimoja hakitaangusha kijiji, hilo silisemi. Lakini maji ya chini nayo hubeba dari. Januari 2010 huko Plant City, Florida, wakulima wa stroberi walivuta maji siku 11 mfululizo kuyanyunyizia matunda yasiuliwe na baridi. Maji ya chini yakashuka kama mita 18, mapango yakabaki bila egemeo, na zaidi ya mashimo 140 yakafunguka, mengine chini ya nyumba za watu ambao hawakuwa na shamba wala stroberi.

Habari inayoninyima usingizi zaidi ni ya Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970 UNICEF na wahisani wengine walisaidia kuchimba visima vya mabomba kwa mamilioni, ili watu waache maji ya mabwawa yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara. Nia ilikuwa njema, na kuhara kulikuwa balaa la kweli. Lakini matope ya delta ile, yaliyoletwa na mito kutoka Himalaya, yalikuwa na aseniki, sumu isiyoonekana majini, na hakuna aliyeipima. Ilithibitishwa visimani mwaka 1993. Kufikia mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu kati ya milioni 35 na 77 walikuwa hatarini. Maji yalikuwa maangavu, hayana harufu. Vidonda vya ngozi vinatokea baada ya miaka, saratani baada ya miaka mingi zaidi, na wakati huo aliyetoa keshapiga picha zake na kuondoka.

Basi nikiona picha ya ami amesimama kwenye kisima cha familia nyingine, kibao cha marumaru kikiwa kimeandikwa jina la marehemu, najiuliza yuko wapi fundi. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kati ya robo na theluthi ya pampu za mkono vijijini Afrika hazifanyi kazi. Nyingi zinakwama kwa kipuri cha bei ndogo. Kununua kipuri hakukusanyi watu, wala hakuna anayeandika jina la mzazi wake kwenye mpira wa pampu, ingawa kwa macho yangu huo mpira ni sadaka kubwa kuliko kibao.

Nilimwambia ami haya kwa simu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Watoto wana kiu leo." Yuko sahihi, na ndipo ninapokwama. Nikingoja vipimo, kuna mama atakayebeba ndoo tena kesho alfajiri. Hata Bangladesh, huenda wapo watu wazima leo ambao bila visima vile wasingefika utu uzima. Siwezi kuzipima roho hizi kwa zile. Ninachoweza kukataa ni kufanya moyo wangu kuwa kipimo cha maji atakayokunywa mtu mwingine.

Usiku huu nimemwandikia. Nimeomba tujue vyoo vya karibu viko umbali gani na maji yanatokea upande upi, maji yapimwe chumvi na vijidudu kabla ya kujenga mnara wa tangi na tena mwisho wa kiangazi, na sehemu ya mchango iwekwe kwa kamati ya maji ya kijiji kwa ajili ya fundi na vipuri. Mwamba ukikataa, tujenge tangi la kuvunia maji ya mvua kwenye paa la skuli, jina la bibi lisiandikwe popote. Shangazi hajafurahi na hilo la jina. Ami amejibu kwamba ataonana na sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini, na fedha za Maskati zisiguswe mpaka hapo.