Mwanangu alikuwa anaguna usiku kucha, kumbe mimi ndo nilikuwa namwamsha

Mwanangu alizaliwa mzima kabisa, ananyonya vizuri, mchana hana shida na mtu, ila ikifika usiku sasa. Anaguna, anakoroma, anajikamua mpaka uso unaiva, mara arushe mikono, mara miguu, mara alie kidogo kasauti kamoja halafu kimya. Na ule ukimya ndo ulikuwa unanitisha kuliko kelele zenyewe, naweka mkono kifuani kwake kuhakikisha anapumua, anastuka, tunaanza upya.

Wiki 6 za kwanza nilikuwa nikisikia tu ameguna nimeshamnyanyua. Nampa ziwa hataki, anageuza kichwa, sasa analia kilio cha kweli, nambembeleza weee karibu dakika 40, akilala namlaza, kabla sijapitiwa na usingizi anaguna tena, nanyanyuka tena. Kuna usiku nilinyanyuka mara 9, nikakaa pembeni ya kitanda nalia na mimi. Mume wangu akisema mwache kidogo tumsikilize, naona kama hajali mtoto.

Siku ya chanjo nikamweleza nesi, nikijua ataniandikia dawa ya tumbo. Akaniuliza swali moja tu, "Mama, akiguna hivyo macho anakuwa kafumba au kafumbua?" Nikakosa jibu. Wiki zote hizo sikuwahi kumwangalia usoni, nilikuwa nanyanyua tu gizani.

Akanielewesha kwamba karibu nusu ya usingizi wa kichanga ni ule mwepesi wa kuchezacheza, macho yanazunguka chini ya kope, anatabasamu, ananuna, anatoa sauti, na hapo amelala kabisa. Kila baada ya kama dakika 50 hadi saa moja anakaribia kuamka halafu anazama tena mwenyewe, kama hakuna aliyemgusa. Vinjia vya pua yake ni vyembamba na yeye anapumua zaidi kwa pua, kwa hiyo kamasi kidogo tu inatosha kukoromesha. Hata ile kupumua harakaharaka halafu anatulia sekunde chache, chini ya 10, ni kawaida kwa miezi ya mwanzo.

Usiku huo nikaacha taa moja hafifu, kitanda chake kiko jirani na changu, nikajiambia sitamgusa mpaka zipite dakika 2 kwenye simu, labda afumbue macho. Saa nane usiku akaanza. Akaguna, akajinyoosha, akakunja uso, mdomo ukafunguka nikajua hapa analia tu, mikono yangu ilikuwa inawasha kumnyanyua jamani, nikaangalia simu, hata dakika haijaisha. Macho kafumba. Akalia kidogo mara 2, akageuza kichwa upande wa pili, akashusha pumzi ndefu, akalala. Nilibaki namwangalia tu. Yaani wiki zote hizo nilikuwa namkatisha usingizi mtu aliyelala.

Baada ya hapo nikaanza kumjua. Akiwa na njaa kweli anafumbua macho, anatafuta ziwa kwa mdomo, ananyonya ngumi, na kilio kinapanda hakishuki. Hapo simsubirishi hata kidogo, ananyonya, nambeulisha, namshikilia wima kama robo saa ndo namlaza, bila maongezi wala kuwasha taa kubwa. Asubuhi nafungua madirisha mwanga uingie, maana kichanga anazaliwa hajui usiku na mchana, anaanza kuvitofautisha taratibu kwenye mwezi wa 2 au wa 3. Pua ikiziba naweka matone ya maji ya chumvi, yale maalum ya watoto, kabla hajanyonya.

Mama yangu alitaka nimlaze kifudifudi, kwamba sisi sote tulilala hivyo na tulitulia. Namheshimu sana mama ila hilo nilikataa, maana kulala kifudifudi kunaongeza hatari ya kichanga kufariki ghafla usingizini. Analala chali, godoro gumu kiasi, hakuna mto wala blanketi zito. Tulivutana siku mbili tatu mama akaelewa.

Ila kuna kelele za kukimbizana nazo hospitali, nesi alizirudia mara mbili: akiguna kila anapotoa pumzi hata akiwa macho, mbavu zinabonyea ndani, pua zinatanuka, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika na ametulia, midomo inageuka bluu, amekataa kunyonya, au ana joto la 38 na hajafikisha miezi 3. Hapo hakuna kusubiri dakika 2, ni usiku huohuo.

Sasa ana miezi 5, anaamka mara 2, kuguna kumepungua sana. Kile kitambaa nilichokuwa namfunga mikono isimstue nimeacha tangu alipoanza kutaka kujigeuza, usiku wa kwanza bila kitambaa alistukastuka kidogo, mume wangu ndo akanishika mkono akasema tumsikilize, tukasikiliza, akalala.