Nilivyoyanusuru mabega yangu kwenye kiti mwendo

Nimepooza kuanzia kiunoni kwenda chini, na riziki yangu ni kutengeneza simu karibu na Mwaloni, Kirumba. Anayeijua Mwanza anajua mawe na miinuko yake. Kusukuma kiti, kuhamia kitandani, kuingia kwenye bajaji, yote ni kazi ya mabega. Bega la kulia lilipoanza kuniuma usiku, niliogopa. Anayetembea ataupumzisha mkono. Mimi nikiupumzisha nitatokaje kitandani?

Mtaalamu wa fiziotherapia alinieleza jambo ambalo natamani kila mwenye kiti mwendo alijue kabla hajaanza kuumwa. Kusukuma kunajenga misuli ya kifua na ya mbele ya bega, huku ya nyuma ikibaki dhaifu. Bega linavutika mbele, nafasi ya juu ya kiungo inabana, na kano zinazopita humo zinasuguliwa kila unapoinua mkono.

Kifaa changu ni mpira wa ndani wa baiskeli, huu huu wa kufungia mizigo. Niliuosha kwa sabuni maana weusi wake unashika mikono, nikaufunga kwenye nondo ya dirisha, usawa wa kiwiko. Nafunga breki, nakaa wima, navuta viwiko nyuma mpaka mifupa bapa ya mgongoni ikaribiane, kisha narudisha polepole. Halafu linakuja zoezi ninalolithamini kuliko yote: kiwiko kimekunjwa na kubanwa mbavuni, nauzungusha mkono kutoka tumboni kwenda nje. Katikati ya kiwiko na mbavu naweka kitambaa. Kikidondoka, naanza upya. Misuli midogo inayofanya kazi hapo ndiyo inayozuia kichwa cha mfupa wa mkono kisipande na kubana kano. Namalizia kwa kunyoosha kifua, kiganja kikiwa kwenye fremu ya mlango. Ni mara tatu kwa wiki, wala si kila siku, misuli ipate kupumzika.

Utafiti wa hospitali ya Rancho Los Amigos, California, uliochapishwa 2011, ulitumia mazoezi ya nyumbani ya wiki 12 pamoja na mafunzo ya kusukuma na kuhama, na maumivu yalipungua sana. Hayo mafunzo yasiachwe. Nasukuma kwa msukumo mrefu, taratibu, kisha naushusha mkono chini ya ringi ya kusukumia kabla ya kusukuma tena. Seremala alipunguza miguu ya kitanda, kikalingana na kiti. Kupumzisha makalio nainamia mbele juu ya meza ya kazi badala ya kujiinua kwa mikono. Kwenye mlima mpwa wangu huniambia, "Mjomba, tulia nikusukume," nami natulia.

Sasa nalalia upande wa kulia bila shida. Ukianza, chagua mpira unaovutika kirahisi. Ukiumwa wakati wa zoezi, punguza. Mkono ukifa ganzi au ukigoma kuinuka, acha mazoezi, nenda hospitali.