Mwanga wa dagaa: nilivyojifunza kupiga picha za harusi Mwanza

Mama mmoja wa Nyakato aliniita kwake wiki mbili baada ya harusi ya bintiye. Nilidhani ananiita kunimalizia hela yangu. Akanikaribisha chai, akafungua albamu niliyomkabidhi, akaweka kidole kwenye picha ya kanisani. "Dada, gauni nimeliona. Maua nimeyaona. Mwanangu mwenyewe yuko wapi?"

Nikaangalia. Gauni linang'aa, shela linang'aa, na katikati ya weupe wote ule uso umekuwa kivuli, macho mashimo mawili. Nilikuwa na mwaka wa tatu kwenye kazi hii, nina kadi za biashara na fulana yenye jina langu mgongoni, na sijawahi kuliona hilo. Hela alinimalizia yote. Ndicho kilichonichoma, maana angeninyima ningepata la kulalamikia.

Sababu niliielewa baadaye. Kamera inapopima mwanga yenyewe, inachukulia kwamba kila kilicho mbele yake kikichanganywa kitatoa kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye gauni jeupe inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso mweusi ulio juu ya gauni unazama gizani. Ukiilazimisha iongeze, uso unatokea lakini gauni linaungua, nakshi zote alizozilipia bibi harusi zinageuka karatasi tupu. Na ratiba zetu zinazidisha tatizo. Misa inaisha kwenye saa saba au saa nane, jua liko utosini, kila paji la uso linamwaga kivuli machoni. Ndipo mjomba wa bwana harusi anapopiga makofi: "Picha, picha, tuwahi!"

Nilianza kutafuta masomo kwenye intaneti, kwa bando la usiku, nikiwa nimejifunika shuka ili mwanga wa simu usimwamshe mdogo wangu. Walimu wazuri wapo na wananifaa mpaka leo. Lakini maharusi wao wengi ni Wazungu, na jua lao linashuka kwa mshazari, taratibu, kama mgeni asiyetaka kuondoka. "Subiri saa ya dhahabu," wanasema, yaani ule muda mfupi kabla jua halijazama. Hapa kwetu jua linazama kuzunguka saa moja jioni mwaka mzima, na likianza kushuka linashuka wima kama jiwe. Ukichelewa kwa sababu matroni anatafuta kiatu, dhahabu imekwisha. Nikahamia kwenye njia ya mkato: programu za kung'arisha ngozi. Nilifanya harusi nne hivi, bibi harusi anatoka mweupe kuliko keki. Katika ile ya nne bibi mzaa baba aliuliza, tena kwa sauti, huyu msichana ni wa nani. Tangu siku hiyo sijagusa kitufe kile, na mteja anayekitaka namwelekeza kwa wenzangu.

Nililelewa Igombe, kwenye ufukwe wa ziwa, na mjomba wangu ni mvuvi wa dagaa. Baada ya aibu ya Nyakato nikawa nakwenda kule siku ambazo sina kazi, kamera begani, bila nia yoyote ya kujifunza. Nilikuwa nimechoka na harusi. Siku moja, saa sita kamili mchana, nikampiga picha mama anayeanika dagaa. Ameinama, amejifunga khanga kichwani, jua linampiga mgongoni. Kwa hesabu zangu zote uso wake ulitakiwa kuwa giza. Nilipoitazama picha uso ulikuwa wazi kabisa, ngozi imeiva rangi yake ya kahawia ya kweli, na ndani ya kila jicho kuna nukta ndogo ya mwanga.

Nikapiga nyingine. Nikamwomba asogee kwenye mchanga mtupu, akasogea huku akicheka, "Sasa hapa na pale kuna tofauti gani?" Tofauti ilikuwepo. Kwenye mchanga ule mweusimweusi uso ulififia. Akarudi kwenye dagaa, ukawaka. Dagaa wabichi ni fedha tupu, na walikuwa wametandazwa juu ya nyavu eneo kubwa kuliko sebule. Jua lilikuwa linawapiga wao, nao wanalirudisha juu, chini ya paji la uso, mle mle kwenye mashimo ya macho. Utotoni tulikuwa tunatishana kwa kuweka tochi chini ya kidevu, kwa hiyo siku zote niliamini mwanga wa kutoka chini unaharibu sura. Unaharibu ukiwa peke yake. Jua likiwa utosini, unaziba mashimo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na shuka jeupe la futi sita kwa sita. Nikalitandika mbele ya bibi harusi, nje ya picha, kwenye ua wa kanisa lenye udongo mwekundu. Mjumbe wa kamati aliuliza kama ni la kufanyia tambiko. Nikamwambia ndiyo. Picha zile ndizo za kwanza ambazo mama wa bibi harusi alinipigia simu kunishukuru kabla sijazikabidhi zote, kwa sababu zilikuwa zimeshazunguka kwenye simu za ukoo mzima.

Baada ya hapo nikaanza kuuangalia mji wangu upya. Mwanza tuna mawe kila mahali, na wateja wote wanataka Jiwe la Bismarck, lile maarufu la ziwani, liwe nyuma yao. Mimi nayataka mawe mbele yao. Jabali kubwa la rangi ya kijivu likipigwa na jua la saa kumi linakuwa ukuta wa mwanga, laini, usio na rangi ya ajabu. Unamsimamisha bibi harusi jua likiwa mgongoni, uso ukielekea jabali, unamaliza kazi bila kuwasha taa. Majani ya bustani yana hila: yanarudisha ukijani, na ukijani ukiingia kwenye gauni jeupe hautoki kirahisi. Ndiyo maana nikiambiwa "tunataka picha za garden" naitikia, halafu naongoza msafara kuelekea kwenye mawe.

Usiku ulikuwa mtihani mwingine. Kumbi zetu zina mapambo ya vitambaa darini, zambarau au waridi, na flashi ukiielekeza juu irudi chini, inarudi na rangi ya kitambaa. Maharusi wanaonekana kama wamechovywa kwenye juisi ya zabibu. Nilimlalamikia mjomba jambo hili kama unavyomlalamikia mtu asiyehusika. Akanijibu kwamba yeye anafanya kazi na taa kila usiku wa giza kwa miaka ishirini na zaidi, nimwulize vizuri.

Wavuvi wengi hawapendi mwanamke chomboni. Mjomba alinichukua hivyo hivyo, vijana wake wakanung'unika mpaka tulipotoka ufukweni. Dagaa wanavuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa sababu wanafuata mwanga na mwezi ukiwepo taa haina nguvu juu yao. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na za sola. Zinaachwa zinaelea, wanasubiri, kisha wanaivuta taa polepole kuelekea wavu, na kundi linaifuata. Nilichokiona mimi ni nyuso. Kijana akiwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye taa, uso wake uko kamili, shavu moja lina mwanga na jingine lina giza zuri. Akirudi nyuma hatua mbili tu, hayupo. Baadaye nilikuta kanuni yake kwenye somo moja: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo. Mjomba hajui robo, lakini anajua kabisa taa ikae wapi.

Basi nikaacha kupiga flashi darini. Nilinunua taa ndogo, nikaifunga kwenye mpini mrefu wa fagio, nikamwajiri mdogo wangu aibebe karibu na maharusi, upande, juu kidogo ya kichwa. Ma-MC walicheka: "Naona leo tumeletewa karabai!" Jina likabaki. Sasa hata mdogo wangu anajitambulisha hivyo, "Mimi ni Karabai," na ana wateja wake wawili watatu ambao hawajui jina lake halisi.

Ndege ni ugonjwa wangu mwingine. Nilinunua lenzi ya mkono wa pili ya milimita 70 hadi 300, ya kuvuta vitu vya mbali, imechubuka, mlio wake kama mashine ya kusaga, nikawa nakaa Capri Point asubuhi namsubiri mdiria, yule mweusi na mweupe anayeelea hewani juu ya maji. Mabawa yanakwenda kasi, kichwa kimetulia kama kimepigiliwa msumari. Kisha anajitupa. Miezi ya kwanza nilikuwa nimejaza kadi picha za maji yaliyoruka, ndege hayumo. Mkono ukingoja jicho lione, umechelewa. Ikabidi nijifunze dalili: kabla ya kujitupa huwa anashuka kidogo na kuelea tena, kama anayejihakikishia. Naye mtu ana dalili zake. Baba wa bibi harusi huwa hatoi chozi ghafla. Kwanza anarekebisha tai isiyo na shida yoyote. Nikiona mkono wa mzee unakwenda kwenye tai, kamera yangu iko tayari. Shampeni ndiyo imenishinda mara kadhaa, maana MC anahesabu "moja, mbili, mbili na robo," na hakuna mdiria anayefanya uhuni wa namna hiyo.

Kuhusu Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma kule Kisesa, ningeweza kuandika mpaka kesho. Nakwenda mwezi wa sita wakati wa Bulabo, ngoma za Wasukuma zinaposhindana. Kuna Bagika na Bagalu, pande mbili zenye ushindani wa tangu enzi za mababu, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Wachezaji wanarusha majembe, wengine wanacheza na chatu, na mimi mwanzoni nilikuwa nawafuata wao tu kama kila mwenye kamera. Siku moja vumbi liliniingia machoni, nikageuka nyuma kujifuta, nikawaona watazamaji. Mtoto juu ya mabega ya baba yake, vikongwe wawili wameshikana mikono, mtu wa upande wa pili anajizuia asitikise bega. Ngoma yote ilikuwa kwenye nyuso zao. Tangu hapo kwenye kila harusi nina dakika zangu kumi za kuwapa maharusi mgongo. Bwana harusi mmoja alikasirika. Picha aliyoichagua kuweka sebuleni ni ya mama yake akiangalia.

Kitu cha mwisho sikukibuni mimi. Nakusanya picha za zamani. Nikienda kwenye nyumba ya mteja naomba kuonyeshwa albamu au bahasha iliyo juu ya kabati. Zile za studio, watu wamekaa wima, mkono juu ya mkono wa kiti, tarehe imeandikwa nyuma kwa kalamu ya wino. Katika kutafuta zaidi nikamfikia Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alikuwa anapiga uani kwa mwanga wa jua, na nyuma ya watu anatundika kitambaa chenye maua, hata shuka la kitandani kwake. Nilizitazama picha zake usiku mzima. Nguo ya mtu ina maua, kitambaa cha nyuma kina maua, na bado uso ndio unaokuja kwanza.

Nikanunua vitenge viwili sokoni na nikaazima kiti cha mbao cha bibi yangu. Kwenye kila sherehe, kabla wageni hawajajaa, natundika kitenge kwenye kona na kuwaita wazee mmoja mmoja. Silipishi zaidi. Kamati zilidhani nina hila. Ukweli ni kwamba nimeona misiba mingi ambapo familia inahangaika kutafuta picha ya marehemu, wanaishia kuikata kutoka kwenye harusi ya mtu, na juu ya jeneza bibi anaonekana na bega la mgeni asiyejulikana.

Mwaka jana, kwenye harusi moja Igoma, nilimkaribisha bibi mmoja. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mayu. Nivue miwani?" Nikamwambia avae anavyovaa siku zote. Akavua, akavaa tena, akauliza mkono uwekwe wapi. Kabla sijamjibu akauweka mwenyewe juu ya mkono wa kiti, kama kwenye zile picha za bahasha, akanyoosha shingo na kukataa katakata kutabasamu.

Mjukuu wake alinipigia mwezi wa tatu, saa kumi na moja alfajiri. Nilijua kabla hajamaliza salamu. Nikawasha kompyuta, nikaitafuta faili, nikaangalia kama karatasi ya kuchapia imebaki. Akaniuliza kama naweza kumwondoa bibi miwani kwenye picha. Nikamwambia hapana, bibi mwenyewe aliamua. Akanyamaza, kisha akauliza ukubwa gani unatosha kuonekana kutoka nyuma ya turubai.