Nilivyoifundisha Historia ya Delta Green kwa Kuificha

Kwa karibu miaka miwili sasa nimekuwa nikiendesha mchezo wa kuigiza wahusika uitwao Delta Green, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, sebuleni kwangu Dar es Salaam, pamoja na wachezaji wanne ambao kabla ya hapo hawakuwahi kushika dadu isipokuwa ya ludo. Mchezo huu ni wa Kimarekani na visa vyake ni vya Marekani: mchezaji huwa ofisa wa FBI, askari, daktari au mwanasayansi wa serikali ambaye, bila hata wakuu wake kujua, hutumwa kuzima mambo yasiyotokana na dunia hii. Kanuni hazikunisumbua, kwa sababu mambo mengi huamuliwa kwa dadu za asilimia, yaani zinazotoa namba kuanzia 1 hadi 100, na mtu huzizoea kwa jioni moja. Kilichonishinda mwanzoni ni historia.

Historia yenyewe inaanzia Innsmouth, mji wa bandari wa kubuni huko Massachusetts ambao H. P. Lovecraft, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kutisha, aliutungia hadithi iliyochapishwa mwaka 1936. Dennis Detwiller, Adam Scott Glancy na John Tynes, waliotoa kitabu cha kwanza cha Delta Green mwaka 1997, waliichukua hadithi hiyo na kujiuliza serikali ilifanya nini baada ya kuuvamia mji ule mwaka 1928 na kukuta wakazi waliochanganya damu na viumbe wa baharini. Jibu lao ni ofisi ndogo ya siri ndani ya upelelezi wa jeshi la majini, ambayo mwaka 1942 ikapewa jina la Delta Green, kutokana na pembetatu ya kijani iliyobandikwa kwenye mafaili ya watumishi wake, ili ipambane na Karotechia, kitengo cha wachawi ndani ya SS ya Wanazi. Operesheni iliyoharibika vibaya nchini Kambodia mwaka 1969 ndiyo iliyosababisha ofisi hiyo ifungwe mwaka uliofuata. Waliosalia hawakuacha kazi. Waliendelea kwa miongo mitatu bila kibali, bila bajeti na bila sheria ya kuwalinda.

Mimi niliyaandika yote hayo katika kurasa 12 na kuwasomea wachezaji jioni ya kwanza. Baada ya saa nzima, rafiki yangu ambaye ni muuguzi aliniuliza kwa upole, "Kaka, sasa sisi tunafanya nini humo?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewapa ratiba ya matukio, wakati ndani ya mchezo hakuna ofisa yeyote anayeijua historia hiyo nzima, na hao wachache wanaojua vipande vyake wamekula kiapo cha kuvificha.

Nilipolitambua hilo nilianza upya. Nilichukua daftari la shule, na kwa kila kundi nikajibu maswali matatu tu: linataka nini, linaficha nini, na linamwogopa nani. Kundi ambalo sikuweza kulijibia nililiondoa kabisa, hata kama lilinivutia. Majestic-12 ndiyo iliyonifunza thamani ya maswali hayo. Katika mchezo, hilo ni kundi la vigogo wa serikali lililoundwa baada ya chombo cha wageni wa anga kuanguka Roswell, Marekani, mwaka 1947, nalo linataka teknolojia, linaficha makubaliano yake na viumbe wadogo wa kijivu, na linaiogopa Delta Green kwa kuwa Delta Green huchoma kile ambacho Majestic hutaka kukihifadhi. Lakini siri ya ndani zaidi ni kwamba viumbe hao wa kijivu ni vikaragosi tu, vilivyotengenezwa na kuchezwa na Mi-Go, viumbe wa anga kutoka hadithi za Lovecraft ambao si wanyama wala mimea. Vigogo wanadhani wamekaa mezani na mgeni, kumbe wanazungumza na glavu. Tangu hapo sikuliona tena kundi lile kama majina ya kukariri. Niliwaona watu wanaodanganywa huku wakidanganya.

Hatua iliyofuata ilikuwa kugawa. Kwa kila mchezaji niliandaa bahasha ya kaki, nikachora pembetatu ya kijani kwenye kona kwa penseli ya rangi, na ndani nikaweka ukurasa mmoja wa mambo ambayo ofisa wake pekee angeweza kuyajua. Mwanajeshi wa majini alipata taarifa ya uvamizi wa 1928 ambayo nusu ya mistari yake niliifuta kwa wino mweusi. Mwingine alipata kadi yenye herufi moja tu, kwa sababu baada ya kiongozi wao, Jenerali Fairfield, kuuawa na Majestic mwaka 1994, wanachama walijigawa katika vikosi vya watu watatu watatu, kila kikosi na herufi yake. Alikaa na kadi ile vikao vinne kabla ya kukutana na mzee aliyejitambulisha kwa jina lililoanza na herufi hiyo. Nilimwona akiigeuza kadi mezani, kisha akaifunika kwa kiganja ili wenzake wasiione.

Lugha nayo ilihitaji uangalifu. Mara ya kwanza jambo la kutisha lilipotokea, mdogo wangu aliuliza, "Hilo ni jini?" Jini kwetu lina dini, lina jina, huitikia ubani, na likiombwa kwa adabu huweza kuondoka. Mambo ya Delta Green hayana mapatano na mtu, wala hayajui kama mtu yupo. Niliomba tusitumie neno hilo, na nikaanza kusimulia kwa ngeli ya vitu: si "alisimama mlangoni" bali "kilisimama mlangoni". Mzungumzaji wa Kiswahili humpa hata sisimizi ngeli ya watu, kwa hiyo kukinyima heshima hiyo kitu kinachotembea na kupumua kulileta ukimya ambao maelezo marefu ya mikia na macho hayakuwahi kuuleta.

Mgawanyiko ninaoupenda kuliko yote ni ule uliofuata mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Delta Green iliporudishwa serikalini kwa siri. Waliokubali wanaitwa Mpango, wenye fedha na maabara. Waliokataa nimewaita Waasi. Sikuwaambia wachezaji nani ana haki, kwa kuwa naamini pande zote mbili zina hoja nzito.

Mwezi uliopita walipata sanduku la kumbukumbu kutoka Innsmouth. Mpango uliwaamuru kulikabidhi, na mzee wa ile herufi akawasihi walichome. Walibishana hadi saa sita usiku. Yule muuguzi, ambaye ofisa wake alikuwa amekwisha kuyatazama yaliyomo, alichagua kuokoa akili ya ofisa huyo kwa kuudhoofisha uhusiano wake na mkewe, kama kanuni zinavyoruhusu, kwani akili na mahusiano ya ofisa huhesabiwa kwa alama. Alitupa dadu ya pande 4, ikasimama kwenye 4. Akapunguza alama hizo kwenye jina la mke, akaweka kalamu chini, akasema, "Lichomwe. Nikirudi nyumbani sitaki kuulizwa nilikuwa wapi."

Mchezaji wa Mpango alikuwa ameshika funguo za gari, na sanduku lilikuwa ndani ya gari hilo.