Nilivyompa wakala wa AI madaftari ya saiti, akanionyesha bomba tatu za kalavati

Wakuu, nikisema wakala msimuwaze yule wa kutoa hela kwenye simu wala Wakala wa Barabara. Naongelea AI ambayo haisubiri uiulize swali moja moja, unaipa kazi na mafaili inafungua yenyewe, inalinganisha, inachora jedwali, ikikwama inakuuliza.

Mi ni fundi sanifu, nasimamia barabara ya changarawe ya vijijini upande wa Mtama, Lindi. Ni moja ya zile zilizoliwa na mvua za 2024, mwaka ule kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar pale Somanga mwezi wa tano watu wakalala njiani. Kazi ya saiti haina shida, shida makaratasi. Daftari la kila siku linaandikwa kwa mkono, kuna delivari noti (karatasi za mzigo ulioletwa saiti), kuna barua, alafu mwisho wa mwezi mkandarasi anashusha madai yake na we una siku mbili tatu uyapitie kabla hayajaenda kwa injinia. Zamani nilikua napitia juu juu, sitawadanganya.

Safari hii nikapiga picha madaftari ya miezi mitatu, nikaziba majina na namba za simu za vibarua (sheria ya taarifa binafsi ipo toka 2022, na hata isingekuwepo, namba ya mtu naipeleka mtandaoni ya nini), nikaiambia AI linganisha kilichoingia saiti, kilichoandikwa kimefanyika na kinachodaiwa, na kila tarakimu uniwekee ukurasa ulioitoa.

Mara ya kwanza ilichemka. Saba ya kijana wetu wa daftari inafanana na moja, basi tripu 17 za kifusi zikawa 11. Palipoandikwa "manyunyu asbh" yenyewe ikahesabu siku nzima imepotea kwa mvua. Kali zaidi, ikanitajia kifungu cha mkataba kwa kujiamini kabisa, kwenda kukifungua kinaongelea bima! Ningekipeleka vile kwa bosi ningeumbuka. Nikaibana, tarakimu yenye utata usikisie, weka njano, na mambo ya mkataba niachie mwenyewe. Ikarudi na njano ishirini na kitu, nikazimaliza asubuhi moja nikiwa na madaftari yenyewe mkononi, chai na vitumbua pembeni.

Njano zilipoisha ikabaki kitu kimoja. Bomba za zege za sentimita 90 za kalavati, zile za kupitisha maji chini ya barabara, zilizoingia kwa delivari noti ni 42, zilizolazwa na zinazodaiwa ni 45. Fomeni akanambia, "Injinia wangu, hapo walikosea kuhesabu kwenye gari tu." Mi sio injinia, ila maneno yake yaliingia akilini, karibu niyaache.

Nikapanda bodaboda na futi yangu hadi kalavati ya nne. Nimechuchumaa napima, akapita mzee anakokota baiskeli ina gunia la ufuta, nikamwamkia shikamoo, akasema, "Marahaba. Hizo za mwisho unazipimia nini mwanangu? Tatu ni zetu za zamani, walizifukua pale bondeni nikiwepo." Nikaingiza kichwa na tochi ya simu. Kweli, ndani zina ukoko wa tope la miaka, na moja ina ufa kucha inapita.

Hilo AI isingelijua hata ungeipa madaftari ya nchi nzima. Ila bila yenyewe kupiga kelele kuhusu tatu mi nisingeenda kule.

Yenye ufa ikang'olewa, ikaja mpya, mbili nzima zikabaki, tukalipa gharama ya kulaza tu, sio bei ya bomba mpya. Fomeni alininunia wiki nzima. Ripoti nikasaini mimi na vipimo vyangu nimeambatanisha, maana injinia alivyouliza "hii hesabu ya nani?" nisingeweza kumjibu eti ya kompyuta.

Kijana wa daftari naye siku hizi saba zake anazikata kistari katikati.