Nilivyoshusha bili ya stima kiwandani (na yule wa kiboksi asinipigie tena)

Nianze na kiboksi, maana ndicho kilichonichoma. Mwaka jana bosi alirudi kutoka mjini na viboksi sita vyeupe, kila kimoja na taa yake ndogo ya kijani. Jamaa mmoja mwenye tai alikuwa amemwapia kwamba ukivichomeka kwenye soketi, bili ya stima inashuka karibu nusu. Sisi ni kiwanda cha plastiki, Baba Dogo, Nairobi: jerikeni, ndoo, vifuniko. Kazi ikichanganya tunavuta kilowati mia mbili hamsini. Kiboksi chenyewe kinatoshana na kipande cha sabuni.

Nilikifungua kimoja kwa bisibisi mbele yake. Ndani mlikuwa na kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) saizi ya kidole gumba, rezista, na ile taa. Basi.

"Sasa hii inapunguza nini?" akauliza.

"Mzee, imeshapunguza pesa zako."

Hakucheka. Akasema kama mimi ndiye najua, nishushe bili mwenyewe. Mdomo huu wangu umeniponza mara nyingi, ila siku hiyo ulivuka mpaka.

Nikaenda kwa dada wa hesabu, akanitolea bili za mwaka mzima shingo upande. Nyumbani tumezoea tokeni, uniti kwa uniti. Kiwandani unalipa mara mbili: uniti ulizokula, na tena kVA, yaani kilele cha mzigo uliouvuta mwezi huo. Pawafakta nayo, yaani sehemu ya mzigo unaouvuta inayofanya kazi kweli, ikianguka chini ya 0.9, unapigwa faini. Yetu ilikuwa 0.78. Mstari wa faini ulikuwa pale pale kwenye bili kila mwezi na watu walidhani ni aina fulani ya kodi.

Wenzangu niliwaeleza hivi: mkokoteni unapanda mlima, mmoja anavuta mbele, mwingine anasukuma kutoka ubavuni. Wote wanatoka jasho, wote wanataka chakula, lakini jasho la huyu wa ubavuni halipandishi gunia. Mota ndivyo zilivyo, na kapasita ndiyo inayomlisha huyo wa ubavuni hapo hapo kiwandani ili asitoke kutafuta chakula kwenye transfoma. Kwa kilowati zile zile 250, ukitoka 0.78 hadi 0.95, kVA zinashuka kutoka 320 hadi 263 hivi.

Hesabu ilikuwa sawa. Nilitafuta kapasita za kama kVAr 120 (kVAr ndiyo kipimo cha ile nguvu ya ubavuni), nikazipata mjini kwa bei ya kirafiki mno, tukazifunga Jumamosi moja. Mwezi wa kwanza faini ikapotea. Nilitembea kiwandani kifua mbele, nikinywa chai kwa kikombe cha meneja. Mwezi wa tatu, saa tano asubuhi, tukasikia "pah!" kama tairi la lori. Nilipofungua kabati moshi ukanipiga usoni. Kapasita tatu zimevimba kama mandazi, ya nne imepasuka kabisa. Mama wa jikoni akauliza kama mandazi yameiva. Hadi leo hajaacha.

Kosa lilikuwa langu. Tuna mota kadhaa zinazoendeshwa na draivu za kubadilisha kasi, na draivu hizo huchafua mkondo, hutoa hamoniki, yaani mawimbi ya ziada yanayopanda juu ya umeme wa kawaida. Kapasita tupu huzivuta hamoniki hizo mpaka zichemke. Ilibidi tununue nyingine zenye rieakta mbele yake, koili za kuzikinga na hamoniki. Zilikula laki kadhaa, na bosi alizilipa akiniangalia mimi, si risiti. Kwa hiyo ukiuziwa kapasita na mtu ambaye hajakuuliza una draivu ngapi, mshukuru uondoke.

Lakini raha yenyewe ilikuwa kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa kwenye mabomba ya kiwanda. Ina kilowati 37, na Jumapili tukiwa tumefunga ilikuwa inaendelea kunguruma. Mzee wa zamu alishikilia kwamba ikizimwa inaota kutu. Jumapili moja nikaketi kando ya kompresa kwenye kreti ya soda, simu mkononi, nikipima muda. Inasukuma sekunde sabini, inapumzika mia na kumi, inaanza tena. Hakuna mashine hata moja iliyowashwa! Piga hesabu: karibu asilimia arobaini ya uwezo wake ilikuwa inapuliziwa anga la Baba Dogo.

Tukaingia kazini watu watatu: brashi ya rangi, ndoo ya maji ya sabuni, na vitambaa vyekundu. Panapotoa povu, funga kitambaa. Siku za kazi huwezi kusikia kitu, lakini Jumapili kiwanda kizima kilikuwa kinazomea kama nyoka. Tulifunga thelathini na saba tukaishiwa vitambaa. La ajabu kuliko yote ni bomba lililokwenda nyuma ya stoo, kwa mashine iliyouzwa zamani. Bado lilikuwa na presha, na mwisho wake umezibwa kwa tambara na mpira wa tairi. Tundu la milimita tatu tu, kwa presha ya baa saba, linaweza kula kilowati tatu hadi nne, na hili lilikuwa zaidi ya tundu. Jumatatu bosi aliingia akaona vitambaa vinaning'inia kila mahali, akauliza harusi ni ya nani.

Kuziba kulitugharimu mipira, klipu na tepu. Baadaye nikashusha presha kutoka baa nane na nusu hadi saba, kidogo kidogo ili mtu asilalamike. Kila baa moja inakupunguzia kama asilimia sita au saba. Kisaga cha plastiki chakavu tukakihamishia zamu ya usiku ili kisipandishe kilele cha mchana. Hita za mashine nazo tukazivika blanketi za kukinga joto. Hilo lilikuwa jambo la siku moja.

Kilichoniudhi ni hiki. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zilitaka kiwanda kinachokula zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kikaguliwe matumizi ya nishati kila baada ya miaka mitatu. Ripoti yetu nilikuja kuikuta kwenye droo ya bosi, chini ya kalenda. Ukurasa wa nne: hewa inavuja. Viboksi alinunua, ripoti hakuisoma.

Siku hizi kompresa tunaizima Jumamosi jioni. Jumapili ya kwanza, saa nane usiku, askari wa lango alinipigia simu.

"Fundi, kompresa imekufa. Kimya hiki hakinipi usingizi."

"Usingizi gani, na wewe uko lindo?"

Simu ikakatika.